Bobcat Kuukuu Nyuma ya Nyumba

14 Septemba

Imeshushwa leo kutoka kwenye trela. Bobcat 743, mashine ndogo ya kijiko cha mbele, dizeli ya Kubota ya silinda nne, tairi moja haina upepo, kiti kimebaki chuma kitupu. Mzee aliyeniuzia ni mfugaji wa ng'ombe wa maziwa. Alisema ilikaa bandani miaka mingi kwa sababu "ilianza kutema oili". Oili ipi, hakusema. Mashine hii ina oili za sehemu tatu: ya injini, ya haidroliki na ya sanduku la cheni. Kujua ni ipi inayotoka ni nusu ya matengenezo.

Mke wangu ameizunguka taratibu, kisha akauliza kama koleo za theluji zimepigwa marufuku Minnesota.

15 Septemba

Kuosha tu. Samadi iliyokauka na grisi ya zamani vimeshikamana chini ya injini kama lami. Sijafungua nati hata moja. Anayefungua mashine chafu hatajua kilichovuja leo na kilichovuja zamani.

21 Septemba

Nimefungua kizibo cha kupimia oili ya sanduku la cheni na oili ikamwagika yenyewe, nyingi na nyepesi. Tangi la haidroliki nalo limeshuka hadi hakuna kinachoonekana. Basi haikupotea yote, imehama.

Kila upande una mota yake ya haidroliki, na mota huzungusha cheni mbili, moja ya gurudumu la mbele na moja ya gurudumu la nyuma. Mhimili wa mota huingia sandukuni kwa kupita kwenye sili. Sili hiyo ikichoka, oili ya haidroliki hupenya kidogo kidogo, sanduku hujaa kupita kiasi, kisha sili za ekseli nyuma ya magurudumu nazo hushindwa. Mwenye mashine huona oili kwenye tairi, basi hulaumu ekseli. Upande wa kushoto naona mtu alipaka silikoni nyekundu nje kote. Alitibu mahali pasipougua.

28 Septemba

Ili kufikia mota lazima kibanda cha dereva kiinuliwe, na kabla ya hapo nimalizane na mikono inayobeba kijiko. Nimeiinua kwa winchi ya mnyororo, nikaweka vizuizi vya chuma, nikavitikisa, ndipo nikaingia.

Hapa sina mzaha. Mikono ya mashine hii hupita ubavuni mwa dereva kabisa. Watu wamekufa kwa kuchungulia nje huku mguu ukiwa kwenye pedali, na wengine kwa kuingia chini ya kijiko kilichoinuliwa wakiamini haidroliki itashikilia. Haidroliki hushikilia mpaka hosi ipasuke. Na hosi yenye tundu dogo haipapaswi kwa mkono: oili ya presha kubwa hupenya ngozi na kuingia mwilini, na mkono huo huweza kukatwa. Napitisha kipande cha boksi.

Kaka amepiga simu ya video kutoka Tanga, akataka aone sproketi kwa karibu. Amefungua matrekta maisha yake yote.

"Meno yake bado mazima, mdogo wangu. Cheni je?"

"Imelegea kidogo, kaka. Haijakatika kiungo."

"Basi usiwape wauza vipuri hela ya bure. Badilisha sili, zote, za pande zote mbili. Usibadilishe ya upande mmoja ukajiona mjanja."

5 Oktoba

Safari ya kwenda karibu na Fargo kufuata kiti na pedali kwenye uwanja wa mashine chakavu. Njiani nimetoka barabara kuu nikaingia Rothsay. Hapo ndipo ukoo wa mashine yangu ulipoanzia. Mwaka 1957 ndugu wawili wahunzi, Cyril na Louis Keller, walimtengenezea mfugaji wa bata mzinga kijiko kidogo cha magurudumu matatu. Banda lake lilikuwa la ghorofa, na alihitaji kitu chepesi cha kuzoa kinyesi huko juu na kugeuka kati ya nguzo. Mwaka uliofuata kiwanda cha Melroe cha Gwinner, North Dakota, kikaichukua kazi hiyo. Gurudumu la nne lilikuja 1960 na M-400. Jina Bobcat, la paka mwitu wa huku, likaja 1962. Mwaka 2023 ndugu hao waliingizwa kwenye orodha ya kitaifa ya wavumbuzi wa Marekani.

Rothsay ina sanamu kubwa ya ndege, lakini si bata mzinga. Ni kuku wa mbugani. Bata mzinga wamedhulumiwa.

Mashine yangu ni ya miaka ya 1980, lakini akili ya mhunzi bado imo: hakuna kompyuta, na kila kinachoharibika kina nati ya kukifungulia.

19 Oktoba

Sili zote zimeingia. Oili mpya, filta mpya, dizeli ya zamani imemwagwa kwenye pipa la taka za mafuta. Hita za kupasha silinda nimezipima moja moja; mbili hazikupitisha umeme, nimezibadilisha. Nikatoa upepo kwenye mfumo wa mafuta, nikapasha, nikapiga stata. Moshi mweupe, mngurumo wa silinda tatu, halafu ya nne ikaamka.

2 Novemba

Nimeendesha. Wenzo wa kushoto mbele, wa kulia nyuma, nayo inazunguka palepale huku tairi zikichuna kokoto. Haina usukani, hugeuka kwa kuburuza magurudumu, na ndiyo maana hula tairi.

Kilo 590 ndio mzigo wake halali, nusu ya ule unaoweza kuibinua. Mzigo uwe chini wakati wa kwenda.

10 Novemba

Mjadala wa rangi. Mke wangu anataka nyeupe na chungwa kama zamani. Pesa hiyo nimenunulia bushi na pini za mikono. Kutu ya juu haijawahi kumwangusha mtu.

7 Desemba

Theluji ya kwanza nzito. Usiku nilichomeka ukutani hita ya injini. Asubuhi imewaka bila kubembelezwa. Njia yetu imesafishwa, ya jirani pia. Sandukuni oili iko kwenye kipimo, tangini vilevile.

Jirani ameuliza bei. Haiuzwi. Ila siku moja itakuwa mikononi mwa mwingine, basi nimwandikie hapa: ukiona oili kwenye tairi, usianze na ekseli. Fungua kwanza kizibo cha sanduku la cheni.