Kwa mpwa wangu aliye Mugumu

Dar es Salaam

Mpwa wangu,

Nimeusoma ule ujumbe wa kosa ulionitumia: «organisationunit is not mapped». Jedwali unaliona kwa macho yako, lakini Hibernate inasema hailijui. Haikudanganyi. Katika HQL, lugha ya kwiri ya Hibernate, husemi na jedwali, unasema na klasi iliyoandikwa kwenye Java. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya uliotengenezwa Chuo Kikuu cha Oslo na kutumiwa na Wizara yetu ya Afya, unaiita klasi hiyo OrganisationUnit, O kubwa na U kubwa. «Select» na «where» ziandike upendavyo. Jina la klasi usiliguse.

Safu nazo vivyo hivyo. Kwenye jedwali kuna parentid, kwenye klasi kuna parent, na parent si namba: ni OrganisationUnit nzima. Ndiyo maana unaweza kuandika:

from OrganisationUnit ou where ou.parent.name = :mkoa

Nukta ile ya pili imekufanyia join bila wewe kuiandika. Hapo ndipo HQL inaponipendeza. Hiyo :mkoa iache ilivyo, ujaze thamani kwa setParameter. Ukiunganisha maandishi mwenyewe, mtu anaweza kuchomeka HQL yake humo.

Angalia na majina. Tarime ina halmashauri mbili, ya Wilaya na ya Mji, hivyo jina peke yake halikuambii ni ipi. Serengeti, wilaya yenu, ina moja, ndiyo maana kwenu hukuliona tatizo. Tafuta kwa uid, kitambulisho cha pekee cha kila OrganisationUnit.

Sasa lililo zito. Mkoa wa Mara una halmashauri 9. Ukizileta zote, kisha ukapita kila moja ukisoma watoto wake kupitia getChildren(), kwa kawaida Hibernate itapeleka kwiri 1 ya kwanza na nyingine 9 nyuma yake. Kwenye kompyuta yako hutahisi kitu. Fanya hivyo kwa vituo vyote vya nchi, seva ikiwa mbali, watu watakupigia simu. Ongeza «left join fetch ou.children» watoto wote waje kwa mkupuo. Vijana wengi hudhani HQL imewaondolea kazi ya kujua SQL. Sikubaliani nao hata kidogo: washa hibernate.show_sql, usome kila kinachotoka.

Barua ijayo nitumie hiyo SQL, si kwiri peke yake. Nisalimie mama yako.

Ni mimi mjomba wako