Kahawa Sukari, Kando ya Kamera

Anayetaka kuipenda Kahawa Sukari asije na haraka, wala asije akitafuta mlima wa kupanda au mnyama wa kupiga picha. Hiki ni kitongoji cha watu wa mshahara na mkopo wa benki, kama kilomita 20 kutoka katikati ya Nairobi, mahali ambapo Kiambu inaumeza mji au mji unaimeza Kiambu, inategemea unamuuliza nani. Mimi nimekuja kwa ajili ya sinema. Nimekuwa nikifuatilia jinsi studio moja ya Hollywood, Metro-Goldwyn-Mayer, ilivyoitazama nchi hii katika miaka ya 1950, na nimeona heri nikae mahali ambapo mpiga picha wa safari hawezi kupata hata sababu ya kupunguza mwendo.

Njiani tu mambo yanaanza. Nauli hutegemea saa na mawingu; tone la kwanza likidondoka, makanga anaongeza ishirini bila kupepesa jicho, na abiria wanaguna kisha wanalipa. Barabara Kuu ya Thika, aliyoizindua Rais Mwai Kibaki Novemba 2012, inatupeleka Pangani, Muthaiga, halafu makanga anapiga bati na kupaaza sauti: "Drive-In!" Vijana wanashuka. Sidhani wengi wao hujiuliza ni nani aliyekuwa akiingia wapi na gari. Hapo ndipo palipokuwa na Fox Drive-In, sinema ya uwanjani iliyobeba jina la washindani wa Metro, Twentieth Century-Fox. Uliegesha gari ukielekea kitambaa kikubwa cheupe, ukaning'iniza spika dirishani, ukafungua chakula ulichotoka nacho nyumbani. Sinema imekufa, jina limebaki kwa matatu.

Baada ya Githurai, ambako soko hutaka kupanda nawe ndani ya gari, unashuka Kahawa Sukari na kelele zinakatika ghafla. Ukiacha steji na bodaboda zake, unaingia njia zilizonyooka, nyumba zenye mapaa ya vigae, ua wa kayaba uliokatwa vizuri na mwingine ulioachwa ukatae wezi kwa miiba yake. Mikima mirefu imebaki hapa na pale, na udongo ni ule mwekundu unaong'ang'ania soli ya kiatu hadi Nairobi. Julai asubuhi ukungu hushuka hadi kwenye nyaya za umeme. Watoto wa shule hupita ndani yake wakiwa wamevaa kofia za sufu, na mama mboga huwasha jiko kwanza kabla ya kupanga sukuma. Mashamba ya kahawa ndiyo yaliyotangulia nyumba hizi. Leo mbuni ukiuona ndani ya kiwanja cha mtu, ujue umepandwa kwa mapambo au kwa ukaidi.

Kuna jambo ambalo wakazi wenyewe hawalitaji sana. Upande wa pili wa barabara kuu, si mbali, unapita Mto Kamiti. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, aliwinda nyati kwenye vinamasi vya Kamiti, katika ranchi ya Hugh Heatley. Kabla ya hapo alikuwa mgeni wa Mmarekani mwenzake, William Northrup McMillan, huko Juja. Katika safari hiyo Mwingereza Cherry Kearton alimpiga picha za sinema, na mwaka uliofuata watu wa ng'ambo wakalipa kiingilio kumwona rais mstaafu porini. Kwa hiyo biashara ya kuuza pori la Kenya kwa tiketi ni kongwe kuliko Hollywood yenyewe, na ilipitia jirani na hapa.

Metro ilikuja kwa nguvu baadaye, na ilikuja ikiwa na homa. Mwaka 1948 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba studio kubwa haziwezi kuendelea kutengeneza filamu na wakati huohuo kumiliki majumba ya kuzionyesha. Televisheni ilikuwa ikiingia sebuleni. Louis B. Mayer, ambaye jina lake lilikuwa sehemu ya jina la studio, aliondoka mwaka 1951. Dore Schary aliyeshika nafasi yake naye akaondolewa mwaka 1956. Studio ilihitaji kitu ambacho kisanduku kidogo cha rangi ya kijivu hakingeweza kutoa: upana, rangi, na ardhi ya kweli. Isitoshe, Uingereza ilikuwa imebana fedha zake baada ya vita, na mapato ya filamu za Kimarekani yaliyopatikana huko hayakuruhusiwa yote kuvuka bahari. Kuyatumia ndani ya himaya ya Mwingereza kulikuwa na faida. Afrika Mashariki ilitimiza yote mawili.

King Solomon's Mines ilitoka mwaka 1950, Stewart Granger na Deborah Kerr wakizunguka Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo. Robert Surtees akapata Oscar ya upigaji picha, na filamu ikapata nyingine ya uhariri. Ina jambo moja ninalolistahi hadi leo: haina muziki wa okestra unaokuamuru lini uogope. Unasikia ngoma, nyimbo za watu, wanyama. Na Metro, kwa ubahili wa mama anayejua nyumba yake, haikutupa mabaki. Mwaka 1959 ilipotoa Watusi, vipande vya filamu ile ya kwanza vilirudi mezani kama kiporo kilichopashwa moto. Mtazamaji wa Chicago alikula bila kujua.

Kisha Mogambo, 1953. John Ford nyuma ya kamera. Mbele yake Clark Gable, Ava Gardner na Grace Kelly. Gable alikuwa amekwisha kucheza kisa hichohicho katika Red Dust mwaka 1932, miaka ishirini na kidogo nyuma, na bado wanawake wawili wanampigania kana kwamba kalenda haimhusu. Filamu ni nzuri kutazama, sitakataa. Lakini tazama tarehe. Hali ya hatari ilitangazwa Kenya tarehe 20 Oktoba 1952, na wasanii wakaja kupiga picha majuma machache baadaye. Ndani ya filamu kuna sokwe, chui, hema, glasi za vinywaji na wivu. Kiambu, ambako watu walikuwa wakikamatwa usiku, haimo.

Metro ilirudi kwa kisa cha hali ya hatari mwishowe, na hapa ndipo nilipokuwa nikitaka kufika. Mwaka 1956 Richard Brooks alikuja Kenya kupiga Something of Value, kutokana na riwaya ya Robert Ruark. Safari hii hakuna rangi. Picha ni nyeusi na nyeupe. Rock Hudson ni Peter, mtoto wa mlowezi. Sidney Poitier ni Kimani wa Karanja, aliyekua naye kama ndugu hadi siku alipopigwa kofi na kuelewa nafasi yake. Poitier, mtoto wa wakulima wa nyanya wa Bahamas, anabeba filamu nzima machoni mwake. Hati yenyewe ina woga: inataka kuwahurumia wote, na mwisho Kimani lazima afe ili mzungu amchukue mtoto wake na amani iwezekane. Nimeitazama tena nikiwa Kahawa Sukari, kwenye kompyuta, dirisha likiwa wazi, na nilichoka na hotuba zake kabla hazijaisha. Uso wa Poitier haukunichosha.

Something of Value ilitoka Mei 1957. Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, alinyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari mwaka huohuo. Kutoka chumba nilichopanga hadi gereza hilo ni safari fupi ya bodaboda. Mashine ya Hollywood ilivuka bahari mbili ikajenga vita vya Wakikuyu kwa nyota wa kulipwa, na filamu ilipokuwa ikikatwa na kuunganishwa California, kisa chenyewe kilikuwa kikimalizwa kwa kamba na kuzikwa bila alama jirani na mashamba haya. Sisemi Brooks angeruhusiwa kuleta kamera Kamiti. Nasema tu kwamba mtu akiniuliza ni wapi pa kutazamia filamu ile, nitamwambia ni hapa.

Jirani yangu wa ng'ambo ya njia ni mzee aliyestaafu kazi ya reli. Nilimsalimu, "Habari ya asubuhi, guka," akanikaribisha kwenye benchi lake chini ya mparachichi. Nilipomtajia Drive-In aliangua kicheko. "Sisi hatukuwa na gari, kijana wangu. Tulisimama nje ya ua. Picha unaiona yote, lakini sauti iko ndani ya magari ya watu. Mimi nilikaa muda mrefu nikidhani John Wayne ni bubu." Nikamuuliza kama aliwahi kuona filamu za Kenya zilizotengenezwa na Wamarekani. Akasema aliona, na kwamba simba wao wananguruma kila wakati. "Simba wa kweli hulala."

Jeshi la Waingereza nalo liliacha alama yake. Kambi ya Templer, jirani, ilikabidhiwa serikali ya Kenya mwaka 1965 ikawa chuo, na mwaka 1985 ikawa Chuo Kikuu cha Kenyatta. Nawapenda wanafunzi wake kwa sababu wameshika vitongoji vyote viwili vya Kahawa, Sukari na Wendani, kwa njaa na kelele zao: smokie pasua kwenye kila kona, chapo madondo hadi usiku, mashine za fotokopi zisizopumzika, vinyozi wenye maoni juu ya kila kitu. Chuoni hufundishwa maigizo na filamu, kwa hiyo si ajabu kukuta kijana ameshika simu kwenye fimbo na mwenzake ameshika taa ya kuazima. Jioni moja darajani nilisimamishwa na kikundi cha namna hiyo. Binti aliyekuwa mwelekezi aliniomba niwe mpita njia. Nikapita. Lori likapiga honi. "Pole, mwalimu, rudia tafadhali," akasema, "na usitazame kamera." Filamu yao ilihusu mwenye nyumba anayedai kodi. Hakukuwa na simba.

Ukipata siku ya ziada, endelea kaskazini. Ruiru bado kuna kahawa ya kweli: kituo cha utafiti ndicho kilichotoa aina ya Ruiru 11 mwaka 1985, mbuni mfupi unaohimili chulebuni na kutu ya majani, na mkulima wa Nyeri anaijua namba hiyo kuliko ya simu yake. Thika kuna hoteli ya Blue Posts, imesimama tangu 1908 kati ya maporomoko ya Chania na Thika. Kaa upande wa Chania, kelele za maji hufunika za magari. Barabara hiyohiyo hukufikisha Nanyuki, ambako William Holden, nyota mwingine wa Hollywood, alinunua hoteli pamoja na wenzake mwaka 1959 na kuifanya klabu ya safari. Wageni wake waliokwenda kwa gari walipita hapa Kahawa, bila shaka wakiulizana bado kilomita ngapi.

Njoo Jumamosi, watu wakiwa nyumbani. Ikiwa Julai, beba sweta. Na ukitoka hapa kwenda Thika usisubiri matatu za namba 237 steji ya Sukari, hupita zimejaa na makanga hata hakuangalii. Tembea hadi KU, yaani steji ya chuo kikuu, simama mbele ya kundi la wanafunzi, na uwe na chenji mkononi.