Deni langu kwa Mzee Majuto

Wadau, leo nina jambo la kukiri. Mwaka 2011 nilikuwa nikishuka kwenye daladala Msimbazi, naingia Mtaa wa Kongo, nampa machinga buku mbili, naondoka na diski moja yenye filamu kumi za King Majuto. Diski feki, ndiyo. Nikajiona mjanja wa mjini.

Siku hizo niliamini yule mzee anajua kitu kimoja tu, kuchekesha. Nilikosea. Ukizitazama zile filamu mfululizo ndipo unapomwona. Hapa ni mlinzi anayemwogopa bosi, pale ni baba mwenye nyumba mkali, kwingine ni mzee anayemezea mate vibinti vya jirani. Sura ni ileile, mtu si yule. Akiwa mnyonge hata mabega yanashuka. Akiwa na hela, sauti inafika kabla yake.

Jina lake halisi ni Amri Athumani, mzaliwa wa Tanga, 1948. Alianza kupanda jukwaani angali mtoto, miaka ya 1950. Kwa hiyo wakati sisi tunamgundua kwenye diski za Kariakoo, mwenzetu alikuwa na kama nusu karne kazini.

Mwaka 2018 akaugua sana. Akapelekwa India kutibiwa. Wengi tulijiuliza: mtu aliyejaa kwenye kila banda la video, hela zake zimekwenda wapi? Waziri wa Habari wa wakati ule, Harrison Mwakyembe, akaunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii, na ya Majuto ikiwemo. Tarehe 8 Agosti mwaka huo akafariki Muhimbili, akazikwa kwao Tanga.

Usiku ule niliandika tanzia. Nikalaumu mikataba mibovu, nikalaumu wasambazaji, nikasifiwa na mhariri. Sikuandika habari za buku mbili zangu. Ningeandikaje? Katika zile filamu kumi nilizocheka mpaka machozi, hata senti haikumfikia yeye.

Mikataba mibovu ipo, sikatai. Lakini msanii huibiwa milango yote miwili, na ule wa nyuma nilikuwa nimeushika mimi.

Haya wadau, nimesema langu. Na wewe pale Mtaa wa Kongo ulimlipa nani? Semeni ukweli.