Barua kutoka Solihull: Land Rover na doa la oili



Solihull ni mji ulio kando ya Birmingham. Land Rover za kwanza ziliundwa hapa mwaka 1948, na Defender ya mwisho ya umbo lile la kale ikatoka kiwandani Januari 2016. Wenye magari hayo wana utani wao: ukiona Land Rover haivuji, ujue imeishiwa oili.

Mtu mmoja wa Tanga anayeishi jirani na mji huo hakuuona utani. Ana Series III, toleo lililoundwa kati ya 1971 na 1985, na kila ikilala nje, asubuhi anakuta doa jipya chini, usawa wa katikati ya gari. Ushauri wa kwanza aliopewa ulikuwa ashushe giaboksi nzima, kazi ya kung'oa sakafu na viti kabla hata ya kuigusa klachi.

Yeye alianza kwa kutafuta inakovuja.

Oili inayomwagika gari likiwa mwendoni hupeperushwa nyuma na upepo, hivyo inapodondokea sipo inapotokea. Alisugua giaboksi kwa dizeli na brashi, akaikausha, akaendesha mwendo mfupi, kisha akaingia uvunguni na tochi. Rangi na harufu zilimsaidia: oili ya injini iliyotumika huwa nyeusi, ilhali ya gia hunuka kiberiti. Kama ingekuwa nyeusi na inatoka kwenye tundu lililo chini ya nyumba ya klachi, angeshuku sili ya nyuma ya injini. Hii ilinuka, na ilitoka nyuma, kwenye ngoma ya handibreki.

Hapo ndipo penye hatari. Katika Land Rover za aina hii handibreki haifungi magurudumu moja kwa moja; ngoma yake imefungwa nyuma ya giaboksi ndogo, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma, na hukamata propela shafti. Sili ya hapo ikichoka, oili huingia ndani ya ngoma na kulowesha viatu vya breki. Gari lililoegeshwa mlimani linaweza kuondoka lenyewe.

Kabla ya kufungua chochote aliweka kabari kwenye magurudumu, kwa sababu ukishaitoa propela shafti ya nyuma, handibreki haina tena cha kushika. Akamwaga oili, akatoa shafti, ngoma, nati kubwa ya katikati na flanji. Sili kuukuu ilikuwa imekauka kama ngozi ya ngoma. Lakini flanji nayo ilikuwa na mfereji mwembamba, uliochimbwa na mdomo wa sili kwa miaka mingi. Sili mpya juu ya mfereji huo ingevuja tena, kwa hiyo alivisha flanji pete nyembamba ya chuma iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Sili ikaingia mdomo ukielekea ndani, kwenye oili, na viatu vilivyolowa vikabadilishwa.

Kilichobaki kilikuwa tundu la kupumulia lililo juu ya giaboksi, limezibwa na tope. Oili ikipata moto, hewa ya ndani hutanuka. Ikikosa njia, husukuma oili ipite kwenye sili, hata ikiwa mpya.

Huku Uingereza, gari lililotimiza miaka 40 bila kubadilishwa sana halilazimishwi kupimwa kila mwaka. Hata hivyo, sheria bado humkataza mwenyewe kuliendesha likiwa bovu, na hakuna mkaguzi wa kumwonyesha ngoma iliyolowa.

Oktoba 2024 Land Rover kwa mamia zilikusanyika Arusha. Wenye nazo, fundi akisema giaboksi ishushwe, mwombeni kwanza azibue tundu la kupumulia, akague kina cha oili kwenye giaboksi zote mbili, kisha afungue ngoma ya handibreki. Ikiwa kubwa imepungua na ndogo imejaa kupita kiasi, sili iliyokufa ni ile iliyo kati ya hizo mbili, na oili haijadondoka chini hata tone.