Kona ya Mfalme

Wadau, kila msafiri ana lake. Wapo wanaotua ughaibuni wakaulizia uwanja wa mpira, wapo wanaoulizia viatu. Mimi naulizia duka la fanicha. Msinicheke.

Chanzo ni shangazi yangu, aliyewahi kuishi Denmark. Kila alipokuja likizo alituletea katalogi ya IKEA, nasi watoto tukagombania vitanda ambavyo hakuna aliyekuwa na uwezo wa kuvinunua. Katalogi hiyo ilianza 1951, na mwishoni mwa 2020 kampuni ikatangaza kuacha kuichapisha. Kwa Afrika duka lenyewe lipo Misri tangu 2013 na Morocco tangu 2016. Huku kwetu bado.

Basi nilipoalikwa warsha ya waandishi Stockholm, siku ya mapumziko nikapanda treni ya chini ya ardhi, laini nyekundu, nikashuka Skärholmen na kutembea hadi Kungens Kurva. Maana yake Kona ya Mfalme: mwaka 1946 gari la Mfalme Gustaf V lilitumbukia mtaroni pale. IKEA wakafungua duka lao hapo 1965, jengo la duara.

Ndani vyumba vimepangwa utadhani wenyewe wametoka kidogo. Nilichofuata ni rafu ya vitabu iitwayo Billy, iliyobuniwa na Gillis Lundgren mwaka 1979. Marehemu baba aliniachia maboksi manne ya vitabu. Chumbani kwangu Sinza vimelala sakafuni, na mchwa hawasubiri mshahara.

Billy ina urefu wa sentimita 202, upana 80, kina 28. Tiketi yangu iliruhusu kilo 23. Hesabu ikakataa.

Hapo ndipo nikaiona siri ya bei. Hununui rafu, unanunua mbao ndani ya boksi bapa. Kuli ni wewe, dereva ni wewe, fundi ni wewe. Mwenye gari na lami hadi mlangoni atafurahi.

Lakini futi ya karatasi na penseli fupi hutolewa bure. Nikachukua, nikapima, nikaandika, nikarudi navyo hadi Keko.

Fundi akatazama picha kwenye simu, kisha akauliza, "Kitabu kikubwa kuliko vyote kina ukubwa gani?" Kesho yake nikampelekea atlasi ya baba. Akaongeza sentimita nne za kina, akapunguza urefu kwa sababu dari langu ni la chini, akaweka nguzo katikati ili mbao zisipinde. Mninga bei haishikiki, tukakubaliana msonobari uliopakwa dawa ya mchwa. Nusu nimelipa, nusu mwisho wa mwezi.

Wadau, mkipata safari nendeni mkaangalie. Macho hayalipiwi uzito uwanja wa ndege. Ila vipimo vya nyumba yako anavijua anayeweza kuja kugonga hodi.

Jumamosi rafu inaletwa kwa guta. Alamsiki.