Usiseme "Mwache Alale"

Mpenzi msomaji, kabla sijaanza kisa changu nina swali moja dogo tu: uko wapi sasa hivi? Najua utanicheka. "Huyu naye! Si niko darasani?" Lakini swali hilo, ambalo hata mtoto wa chekechea hulijibu, lilichangia kuokoa uhai wa mjomba wangu. Keti kitako nikusimulie.

Ilikuwa likizo ya Agosti mwaka wa 2024, nami nikiwa kidato cha pili. Kwetu ni Tawa, huko Mbooni, kaunti ya Makueni. Anayezijua barabara za vilima vyetu anajua kwamba mteremko na kona ni chanda na pete. Jioni hiyo mjomba alikuwa akirudi kutoka sokoni kwa bodaboda, kichwa wazi, bila helmeti. Penye kona pikipiki iliteleza kwenye changarawe, wakaanguka wote wawili. Dereva alichubuka goti. Mjomba aligonga kichwa upande wa kulia, juu ya sikio, akazirai kidogo, kisha akaamka.

Alifika nyumbani kwa miguu yake mwenyewe, akaitisha chai, akatuchekesha na habari za kuanguka kwake. Kinywa chake kilinuka pombe, kwa maana alikuwa amepitia kwa wenzake akaonja kidogo. Baada ya kama saa moja alilalamika kwamba kichwa kinamuuma, akatapika, akajilaza.

"Mbona analala mapema hivi?" mama akauliza.

Nami, kwa elimu yangu yote ya kidato cha pili, nikajibu: "Aa, mama, si amelewa tu. Mwache alale."

Maneno hayo mawili yananichoma moyo hadi leo. Bahati nzuri mama hakunisikiza. Alimtikisa kaka yake, akamwita, akamwita tena. Mjomba alifungua macho, akayafumba. Mama alipiga ukemi, majirani wakaja mbio, na mmoja akatoa gari lake. Tulimbeba akiwa amenyooshwa, shingo imeshikwa isigeuke, tukashika njia ya hospitali.

Hospitalini tulipokewa na muuguzi mmoja mwanamke, mzaliwa wa Pwani, mwenye Kiswahili cha kutamanisha. Mimi nilimkimbilia na maneno yangu yale yale. "Sista, labda ni pombe tu."

"Hata mlevi huvunjika kichwa, kijana," alinijibu. "Pombe tutaisema mwisho, tukishahakikisha si ubongo."

Akamwita mjomba kwa sauti. Mjomba akafungua macho. Akamwuliza, "Uko wapi?" Mjomba akajibu kwa Kikamba, tena sentensi nzima, bila kigugumizi. Muuguzi akainama kuandika. Hapo mimi nikashtuka, kwa sababu mjomba alikuwa amesema yuko shambani, na mbuzi wameingia kwenye mbaazi!

"Sista, hapo hajajibu sawa," nikasema, nikamweleza.

Kisha akamwambia, "Toa ulimi nje." Mjomba akamkodolea macho tu. Mjomba hakupata kwenda shule. Tangu utotoni alichunga mifugo, na Kiswahili chake ni cha kuombea maji. Nikamwambia yale yale kwa Kikamba. Papo hapo ulimi ukatoka.

Muuguzi akatabasamu. "Simama hapa karibu nami. Leo wewe ndiwe masikio yangu."

Baadaye nilimwuliza alikuwa akiandika nini, akanifunza. Kipimo kile kinaitwa kipimo cha Glasgow, na kilitungwa na madaktari wawili, Graham Teasdale na Bryan Jennett, katika mji wa Glasgow huko Uskoti, mwaka wa 1974. Kabla ya hapo daktari mmoja angesema mgonjwa "amezubaa," mwenzake wa zamu ya usiku aseme "amelala fofofo," na hakuna ambaye angejua kama mgonjwa anapata nafuu au anazama. Wao wakasema: tuangalie mambo matatu, na kila moja tulipe alama. Macho yana alama 4, maneno alama 5, na mwendo wa viungo alama 6. Jumla ni 15. Msomaji, mtihani huu hauna sifuri. Hata asiyeonyesha dalili yoyote hupata 3. Mwenye 13 hadi 15 huhesabiwa kuwa na jeraha dogo, 9 hadi 12 la wastani, na 8 kushuka chini ni hatari kubwa.

Mjomba alifungua macho alipoitwa: 3. Alizungumza lakini amechanganyikiwa: 4. Alitii amri: 6. Jumla 13. Sasa fanya hesabu nyingine, kama mimi nisingalikuwapo. Kwa maneno angepewa 5, maana alisikika akiongea vizuri. Kwa viungo angekosa ile 6, maana hakutoa ulimi. Tuseme angepewa 5. Macho 3, maneno 5, viungo 5: jumla ni 13 vilevile! Hesabu imetoka sawa, lakini majibu mawili kati ya matatu ni ya uongo. Ndiyo maana muuguzi huandika kila sehemu peke yake, wala hatosheki na jumla.

Baada ya nusu saa alirudi kumpima tena. Safari hii mjomba hakufungua macho kwa kuitwa, mpaka alipobinywa ukucha kwa kalamu: 2. Nilipomwuliza kwa Kikamba yuko wapi, alitamka neno moja moja, "mbuzi... maji...": 3. Sikuweza kumfanya atoe ulimi. Alipobinywa msuli wa bega, mkono wake ulipanda kujaribu kuutoa mkono wa muuguzi: 5. Jumla 10. Muuguzi akammulika macho kwa tochi. Mboni ya kulia ilikuwa imeanza kuwa kubwa kuliko ya kushoto.

Hakungoja. Alimwita daktari, na kabla ya usiku wa manane mjomba alikuwa ndani ya ambulensi kuelekea hospitali kubwa yenye mashine ya kupiga picha za ubongo. Ilionekana kwamba mfupa juu ya sikio, ambao ni mwembamba, ulikuwa umepasuka na kukata mshipa wa damu unaopita ndani yake. Damu ilikusanyika kati ya fuvu na ubongo. Hiyo ndiyo sababu aliamka akacheka, kisha akazama polepole. Alipasuliwa alfajiri, damu ikatolewa.

Muuguzi yule aliniambia jambo jingine ambalo sitalisahau. Huko Blantyre, Malawi, madaktari waliokuwa wakiwatibu watoto wadogo wenye malaria ya ubongo waliona kwamba mtoto wa mwaka mmoja huwezi kumwuliza yuko wapi. Basi mwaka wa 1989 wakatoa kipimo chao, ambacho huangalia, kwa mfano, kama macho ya mtoto yanafuata uso wa mama. Yaani mpimaji humfuata mgonjwa alipo. Kama ni mtoto, mfuate kwa uso wa mama yake. Kama ni mchungaji wa Mbooni, mfuate kwa Kikamba.

Wanachama wenzangu wa chama cha Kiswahili, sisi hupenda kusema kwamba Kiswahili kinatuunganisha. Ni kweli, maana kwa Kiswahili nilizungumza na muuguzi. Lakini bila Kikamba cha nyumbani ningekuwa bubu mbele ya mjomba. Usiione haya lugha ya nyanya yako.

Na mtu akigonga kichwa, tafadhali, usiseme "mwache alale." Mwamshe, mwulize jina lake, yuko wapi, ni mwezi gani, kwa lugha anayoijua vyema. Rudia baada ya muda, ulinganishe. Akitapika, akizidi kusinzia, akitetemeka kifafa, mboni zikitofautiana, au upande mmoja ukilegea, mkimbize hospitali, hata kama ananuka pombe ya kijiji kizima.

Mjomba yuko nyumbani sasa. Kichwa humuuma siku za baridi, na majina ya watu humponyoka. Kila ninapofunga shule humpitia, nami humwuliza kwa utani, "*Wĩ va?*"

Hunicheka, akajibu, "*Nĩ vaa.*" Yaani, niko hapa.

Nakomea hapo, msomaji mpenzi.