Ya Jikoni Haihesabiwi

Shosho wangu alimeza punje mbili mbichi za kitunguu saumu kila asubuhi kwa miaka mingi. Moja ya presha, ya pili ati damu isigande. Ukimwambia apunguze, anacheka: "Kwani hii si chakula tu? Itanidhuru vipi?"

Hoja hizo mbili haziwezi kukaa nyumba moja. Kama saumu inashusha presha na kulegeza damu, basi ni dawa, na dawa huulizwa maswali.

Na kazi inafanya, ila kwa kiasi. Ukiponda punje mbichi ndipo alisini hutokea, ile kitu inayobeba harufu. Ukiitupa kwenye mafuta moto papo hapo, nyingi haipati nafasi ya kutokea. Ndio maana saumu ya mchuzi huwa pole. Tafiti zinaonyesha inashusha presha kidogo kwa wenye presha ya juu, lakini si ya kumfanya mtu aache vidonge. Pia inazuia chembe za damu kushikana upesi. Hapo faida inakaribiana na hatari.

Shosho alipopatikana na donge la damu mguuni, aliandikiwa warfarin. Dawa hiyo haitaki mchezo: ikizidi unavuja damu, ikipungua damu inaganda. Daktari akauliza, "Shosho, kuna dawa zingine unatumia?" Akajibu hakuna. Hakudanganya, kwake saumu haikuwa dawa. Nikamtajia daktari zile punje mbili. Kalamu ikasimama. Akamwambia aache zile mbichi, za mchuzi aendelee nazo. Sukuma wiki pia asiache, ila kiasi kisibadilike-badilike, maana ina vitamini K nyingi, inayopinga warfarin.

Si warfarin peke yake. Mwaka 2001 watafiti wa serikali ya Marekani walitangaza kwamba vidonge vya saumu vilipunguza saquinavir, dawa ya kukabili virusi vya Ukimwi, kwa karibu nusu mwilini. Na anayengoja upasuaji huambiwa aache vidonge hivyo wiki moja au zaidi kabla ya siku yenyewe.

Simlaumu Shosho, wala daktari. Swali tu ndilo lilikuwa finyu. Wazee wetu wakiulizwa dawa, watataja zile za karatasi ya hospitali. Waulizwe pia: asubuhi, kabla ya chai, unameza nini?